Uhakiki wa O*NET Interest Profiler kwa mtu anayetafuta kazi yenye maana

O*NET Interest Profiler ni dodoso la bure lililotengenezwa kwa ufadhili wa Wizara ya Kazi ya Marekani chini ya O*NET, hazina yake ya taarifa za kazi, na kwa maoni yangu ndilo bora zaidi miongoni mwa vipimo vya mapendeleo ya kazi ambavyo mtu mwenye intaneti anaweza kuvitumia bila kulipa, bila kujisajili na bila kulazimika kuacha anwani yake ya baruapepe kwa watu asiowajua. Natanguliza hukumu hiyo kwa sababu sehemu kubwa ya uhakiki huu inahusu mipaka ya dodoso lenyewe, na sipendi msomaji adhani kwamba nalidharau. Nimelijibu mwenyewe, na nimekaa na watu wengine walipokuwa wakilijibu, wengi wao wakiwa watu wazima wenye ajira, mishahara na vyeo vya kuheshimika, lakini ambao wameanza kujiuliza iwapo kazi wanayoifanya inastahili miaka iliyobaki ya nguvu zao. Ni kwa ajili ya watu hao ninaandika. Mwanafunzi anayechagua masomo amefikiriwa sana na watunga vipimo vya namna hii. Mtu aliyekwisha kuingia kazini na asione ndani yake kitu cha kumtosheleza moyo hajafikiriwa vya kutosha.

Dodoso lina matoleo kadhaa. La awali lilikuwa refu, lenye vipengele 180; toleo fupi lina vipengele 60, na lipo dogo zaidi lenye 30. Kila kipengele ni shughuli moja iliyotajwa kwa maneno machache: kujenga makabati ya jikoni, kutengeneza dawa mpya, kuandika vitabu au tamthilia, kumfundisha mtu mazoezi ya viungo, kusimamia duka la rejareja, kupitia kumbukumbu na fomu ili kusahihisha makosa. Mjibuji huchagua moja kati ya ngazi tano, kuanzia kutoipenda kabisa shughuli hiyo hadi kuipenda sana. Maelekezo yanamwambia asifikirie kama ana elimu ya kutosha kuifanya wala kama ingemlipa vizuri. Ajiulize tu iwapo angeifurahia.

Agizo hilo la kuweka kando elimu na kipato ndilo linalonifanya nilithamini dodoso hili kuliko mengi yanayouzwa. Mtu aliyefanya kazi kwa muda mrefu huwa amezoea kujibu swali la anachokipenda kwa kutaja anachokiweza. Mhasibu mzoefu atasema anapenda hesabu, kwa kuwa anazimudu na kwa kuwa watu humsifu kwazo. Ni mpaka aulizwe kuhusu shughuli moja moja, zilizovuliwa cheo na mshahara, ndipo anapoanza kutenganisha kazi anayoimudu na kazi anayoifurahia. Nimeona watu wakisita kwa muda mrefu mbele ya kipengele kinachohusu kupiga ala ya muziki, au kile cha kuwasaidia watu wenye matatizo ya kihisia. Swali lenyewe ni jepesi, lakini hakuna aliyewauliza jambo hilo tangu walipokuwa vijana. Ningemshauri kila anayelijibu aandike pembeni vipengele vilivyomfanya asite, kwa kuwa alama za mwisho hazitavionyesha, na mara nyingi ndivyo vyenye habari ya maana kuliko alama zenyewe.

Nadharia inayobeba dodoso ni ya John Holland, mwanasaikolojia Mmarekani aliyeishi kati ya 1919 na 2008. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifanya kazi ya kuwahoji askari wapya jeshini ili wapangiwe majukumu, na akaona kwamba historia za kazi za watu hao, pamoja na wingi wao, zilikuwa zikirudia sura chache. Mwaka 1959 alichapisha nadharia yake ya uchaguzi wa kazi, akaendelea kuiboresha kwa miaka mingi. Ndani yake mna makundi sita. Wapo watu wa vitendo, wanaopenda kushika zana, mashine, udongo na wanyama. Wapo wachunguzi, wanaovutwa na maswali ya kisayansi. Wapo wasanii, wanaotaka kubuni bila kubanwa na kanuni nyingi. Wapo watu wa huduma, wanaofundisha, kuuguza na kusikiliza. Wapo washawishi, wanaoongoza, kuuza na kuanzisha mambo. Na wapo watu wa utaratibu, wanaofurahia kumbukumbu safi, takwimu na kanuni zinazoeleweka. Holland aliyapanga makundi hayo kwenye umbo la pembe sita, ambamo yaliyo jirani hufanana na yanayotazamana hutofautiana zaidi. Katika toleo la vipengele 60, kila kundi lina vipengele 10 na alama zake za juu kabisa ni 40.

Wengi hukimbilia kundi lililopata alama nyingi na kuacha mengine. Mimi huangalia kwanza umbali kati ya alama. Mtu mwenye 34 katika huduma na 9 katika utaratibu, ambaye siku yake nzima ni kujaza fomu za watu asiowaona, amepata maelezo ya uchovu wake ambayo pengine hajawahi kuyatamka. Kuna sura nyingine ambayo dodoso haliishughulikii vizuri, nayo ni ya mtu ambaye alama zake zote sita ziko chini. Mfumo utampa orodha ya kazi kama unavyompa mwingine yeyote, ilhali kwa mtu mzima aliyechoka jibu la namna hiyo linaweza kuwa dalili ya uchovu uliopita kiasi au huzuni ya muda mrefu iliyofuta hamu ya kila jambo. Mtu huyo anahitaji kupumzika na kuzungumza na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kupewa majina ya ajira. Laiti watengenezaji wangeweka onyo fupi mahali hapo.

Baada ya alama huja hatua ya kuchagua kiwango cha maandalizi, kati ya ngazi tano, kuanzia kazi zinazohitaji maandalizi kidogo au zisizohitaji kabisa hadi zile zinazohitaji miaka mingi ya masomo na uzoefu. Kisha orodha ya kazi hutokea. Sehemu hii huwavutia wengi, na kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote kwa anayetafuta maana, kwa sababu jina la kazi huamsha mara moja mambo yote ambayo maelekezo ya mwanzo yaliyaweka kando: heshima ya cheo, maoni ya ndugu, hofu ya kuanza upya. Mtu aliyejibu kwa uaminifu vipengele 60 huweza kuitupa kazi yote hiyo kwa dakika moja kwa kusoma jina la ajira asilolipenda masikioni.

Sasa nifike kwenye swali ambalo kwangu ndilo kiini cha uhakiki. Je, mtu akipata kazi inayolingana na mapendeleo yake, ataridhika nayo? Utafiti upo, na majibu yake ni ya wastani kuliko matangazo ya vipimo vya kazi yanavyodai. Mwaka 2020 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 105 zenye washiriki zaidi ya 39,000, na ukaonyesha kwamba uhusiano kati ya ulinganifu wa mapendeleo na kuridhika kazini upo, lakini ni mdogo, takriban 0.19 katika kipimo ambacho 1 ni uhusiano kamili. Hilo halilifanyi dodoso kuwa lisilo na faida. Linamaanisha kwamba kupenda shughuli za kazi ni sehemu moja tu ya kuridhika, na kwamba anayelitegemea dodoso peke yake anaacha nje sehemu kubwa ya jambo analolitafuta.

Sehemu hiyo iliyobaki nje ilionyeshwa vizuri na utafiti wa Amy Wrzesniewski na wenzake wa mwaka 1997. Waliwauliza wafanyakazi 196 jinsi wanavyoitazama kazi yao, na wakawakuta wamegawanyika katika mafungu matatu yaliyokaribiana kwa ukubwa: wanaoiona kazi kuwa njia ya kupata riziki, wanaoiona kuwa ngazi ya kupanda vyeo, na wanaoiona kuwa wito, yaani kazi ambayo wangeifanya hata kama fedha isingewasukuma, na ambayo wanaamini inaufanya ulimwengu uwe mahali bora zaidi. Jambo linalogusa zaidi uhakiki huu ni kwamba miongoni mwao walikuwemo wasaidizi wa utawala 24, watu wenye cheo kimoja na majukumu yanayokaribiana, na wao pia waligawanyika katika mafungu hayohayo karibu sawa kwa sawa. Kama watu hao wangelijibu dodoso tunalolihakiki, huenda wengi wangepata makundi yaleyale ya juu na orodha ileile ya kazi. Tofauti iliyopo kati ya anayeamka akiwa na hamu ya kwenda kazini na anayehesabu saa za kutoka isingeonekana popote katika matokeo.

Wrzesniewski na Jane Dutton waliendelea na jambo hilo katika andiko la mwaka 2001, wakieleza habari za wafanya usafi wa hospitali. Baadhi yao waliielezea kazi yao kuwa ni kufagia na kupiga deki, wakajiwekea mpaka hapo. Wengine, wenye ajira hiyohiyo, walijiona kuwa sehemu ya matibabu: walizungumza na wagonjwa, waliwasaidia wageni waliopotea njia, walipanga muda wa usafi kwa kuangalia hali ya wodi na ya wauguzi. Hakuna msimamizi aliyewaandikia hayo katika mkataba. Waliitengeneza upya kazi yao kutoka ndani, kwa kubadili kile wanachofanya, watu wanaokutana nao na namna wanavyoielewa. Ninaamini hapa ndipo penye habari njema zaidi kwa mtu mzima asiyeweza kuacha kazi kesho asubuhi, na ninasikitika kwamba dodoso linalosomwa na watu wengi kiasi hiki halina hata swali moja linalomwelekeza huko. Linadhani kwamba kazi imekwisha kuumbwa na kwamba kinachobaki ni mtu kuchagua ile inayomfaa.

Upungufu huo unatokana na jinsi dodoso lilivyoundwa, na ni haki kusema kwamba ulikuwa uamuzi wenye sababu. Ili kupima mapendeleo kwa usafi, shughuli inabidi itajwe ikiwa peke yake, bila kutaja ni kwa ajili ya nani. Mjibuji anaulizwa kama angependa kuandaa jedwali la hesabu kwa programu ya kompyuta. Haulizwi kama jedwali hilo ni la kampuni ya kamari au la kliniki ya watoto. Kwa kipimo cha mapendeleo, kutokutaja huko ni sawa. Kwa anayetafuta maana, mtu aliyeondolewa kwenye swali, yule anayefanyiwa kazi hiyo, ndiye muhimu kuliko wote, kwani maana ya kazi huonekana mara nyingi usoni pa yule inayemfikia. Adam Grant na wenzake walionyesha jambo hili katika utafiti wa mwaka 2007 uliohusu wapiga simu waliokuwa wakichangisha fedha za chuo kikuu. Kundi lililokutana kwa muda mfupi na mwanafunzi aliyesoma kwa ufadhili wa fedha hizo, likasikia kutoka kinywani mwake jinsi zilivyobadili maisha yake, lilikutwa mwezi mmoja baadaye likitumia zaidi ya mara mbili ya muda wake wa awali kwenye simu, na michango iliyokusanywa nayo ikapanda kwa zaidi ya maradufu. Shughuli haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba wapiga simu walimjua mtu mmoja ambaye kazi yao ilimfikia.

Kwa bahati nzuri, familia ya zana za O*NET haiishii kwenye mapendeleo, na hapa nataka kuitetea dhidi ya wale wanaoihukumu kwa kipande kimoja. Ipo zana ya pili isiyojulikana sana, iitwayo Work Importance Locator, ambayo imejengwa juu ya nadharia ya René Dawis na Lloyd Lofquist wa Chuo Kikuu cha Minnesota kuhusu namna mtu na kazi wanavyopatana. Zana hii ni kadi 20, kila moja ikiwa na sentensi fupi kuhusu kazi ambayo mtu angeitamani: kwamba angeweza kutumia uwezo wake, kwamba angeweza kujaribu mawazo yake mwenyewe, kwamba angetambuliwa kwa anachokifanya. Mjibuji anapaswa kuzigawa kadi hizo katika safu tano, kuanzia zilizo muhimu kabisa hadi zisizo muhimu, na kila safu inapokea kadi nne tu.

Sharti la kadi nne kwa safu ndilo linaloipa zana hii makali. Kwenye dodoso la mapendeleo mtu anaweza kupenda kila kitu. Kwenye kadi hawezi kutaka kila kitu. Atalazimika kuamua kama anathamini zaidi usalama wa ajira au uhuru wa kujiamulia, na uamuzi huo ukiwa mezani mbele yake, kwa mikono yake mwenyewe, si rahisi kuukana. Nimeona mazungumzo mazuri yakizaliwa pale ambapo mtu ameshika kadi mbili na nafasi imebaki moja. Ndiyo maana naipendelea ikifanywa kwa karatasi, mezani, pamoja na mtu wa kuaminika anayeuliza maswali machache na kunyamaza mara nyingi.

Matokeo ya kadi hukusanywa katika thamani sita: mafanikio, uhuru, kutambuliwa, mahusiano, kuungwa mkono na uongozi, na mazingira ya kazi. Hapa nina lawama moja nzito. Thamani iitwayo mahusiano imeunganisha kadi tatu ambazo kwangu hazifanani: ile ya kuwa na wafanyakazi wenza wanaopatana, ile ya kuweza kuwafanyia wengine jambo, na ile ya kutoshinikizwa kamwe kutenda kinyume na dhamiri kuhusu jema na baya. Mtu anaweza kuwa mpweke kwa tabia, asiyejali sana kama wenzake ni wachangamfu, na bado asivumilie kuuza bidhaa anayojua inawadhuru wanunuzi. Alama yake ya mahusiano itakuwa ya kati, na atasoma maelezo yanayomwambia kwamba urafiki kazini ni muhimu kwake kiasi, wakati ukweli wake ni mzito zaidi ya hapo. Kwa hiyo anayetafuta maana asiishie kusoma jumla. Arudi aangalie kadi ya huduma kwa wengine na kadi ya dhamiri aliziweka safu gani, kwa sababu hizo mbili ndizo zinazokaribia zaidi jambo analolitafuta, na hesabu ya mwisho imezifunika.

Kinachofuata baada ya zana hizo mbili ni hazina kubwa ya taarifa za kazi. O*NET ilianza kutolewa mwaka 1998 kuchukua nafasi ya kamusi ya majina ya kazi iliyokuwa ikichapishwa na serikali ya Marekani tangu 1939, na leo inaeleza kazi zaidi ya 900. Sehemu kubwa ya taarifa zake hukusanywa kwa kuwauliza watu wanaozifanya kazi hizo, jambo linaloipa uzito. Katika kurasa za kina mna maelezo ya mazingira ya kazi ambayo wasomaji wengi hawayafikii: mfanyakazi ana uhuru kiasi gani wa kufanya maamuzi, anakutana na watu mara ngapi, kosa lake lina madhara ya uzito gani, ratiba inambana kiasi gani, na anapambana mara ngapi na watu wenye hasira au wasio na adabu. Mtu anayetamani kuhamia kazi ya kuwahudumia wengine na asiisome sehemu hiyo ya mwisho anajiandalia mshangao.

Maelezo hayo yanakaribiana na yale ambayo Richard Hackman na Greg Oldham waliyaeleza katika miaka ya 1970 kama tabia za kazi zinazompa mtu ari kutoka ndani: matumizi ya ustadi wa namna mbalimbali, kuifanya kazi nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho badala ya kipande, uzito wa kazi hiyo kwa maisha ya wengine, uhuru, na kupata taarifa ya jinsi ulivyoifanya. Tatu za kwanza, kwa maelezo yao, ndizo zinazojenga hisia kwamba kazi ina maana. Ninapendekeza msomaji achukue hizo tano na kuzipima kwanza kwenye kazi aliyo nayo sasa, kabla ya kugusa orodha yoyote ya kazi mpya. Nimekutana na watu walioamini kwamba wamekosea fani, kumbe kinachowaumiza ni kwamba hawaoni kamwe mwisho wa wanachokianza. Mradi huwapitia mikononi ukiwa nusu, ukaenda kwa wengine, na habari zake hazirudi tena. Tatizo hilo linaweza kurekebishwa kwa mazungumzo na msimamizi, bila kubadili taaluma.

Suala la msimamizi linastahili kutajwa waziwazi, kwa kuwa hakuna zana kati ya hizi inayomjua bosi wa mtu. Mwaka 2016 Catherine Bailey na Adrian Madden walichapisha matokeo ya mahojiano na watu 135 wa kazi 10 tofauti, na walichokipata kinapaswa kusomwa na kila mwajiri. Watu walipoeleza nyakati ambazo kazi yao ilikuwa na maana kubwa, hawakutaja uongozi kama chanzo cha maana hiyo. Lakini walipoeleza nyakati ambazo kazi ilipoteza maana, namna walivyotendewa na viongozi wao ilikuja mbele kabisa. Aidha, maana haikuwa hali ya kudumu. Ilikuja kwa vipindi, na mara nyingine katika nyakati ngumu au za majonzi ambazo hakuna angeziita za furaha. Dodoso linalouliza mtu angefurahia nini haliwezi kuzigusa nyakati hizo. Muuguzi anayekesha na mgonjwa aliye mahututi hafurahii, hata hivyo anaweza kuukumbuka usiku huo maisha yake yote kama usiku ambao kazi yake ilikuwa na uzito wake kamili.

Lazima niongeze tahadhari kuhusu matumizi ya matokeo, kwa sababu kuipenda kazi kuna gharama yake. Utafiti wa Stuart Bunderson na Jeffery Thompson wa mwaka 2009 kuhusu watunza wanyama katika bustani za wanyama ulionyesha kwamba walioiona kazi hiyo kuwa wito walipata ndani yake maana kubwa, lakini walikuwa tayari pia kujinyima kipato na muda wao binafsi, na hivyo kuwa rahisi kunyonywa na uongozi. Kwa hiyo nafurahi kwamba masharti ya zana za O*NET yanakataza matokeo kutumiwa katika kuajiri, kwani yamekusudiwa kumsaidia mtu kujichunguza. Mwajiri akikuomba alama zako za dodoso hili, una haki ya kukataa kwa heshima.

Kuhusu mapungufu mengine nitakuwa mfupi. Takwimu za mishahara na matarajio ya ajira ni za soko la Marekani, na kwa msomaji wa kwingineko hazifai kutegemewa. Majina ya kazi pia yamefuata mgawanyo wa huko, ambamo kila mtu anadhaniwa kuwa na kazi moja yenye jina moja, hivyo mwenye kuendesha maisha yake kwa shughuli tatu kwa pamoja itambidi asome kurasa tatu na kuziunganisha mwenyewe. Dodoso linapatikana kwa Kiingereza na Kihispania, na asiyejiamini katika lugha hizo atahitaji msaidizi. Vipengele ni vifupi, kwa hiyo kazi ya kuvieleza kwa Kiswahili haimshindi mtu mwenye subira.

Wapo watakaosema mchagua jembe si mkulima, na kwamba muda unaotumiwa kujibu madodoso ungetumiwa kufanya kazi iliyopo. Ninauheshimu msimamo huo, lakini siukubali wote. Mtu aliyelima miaka mingi ana haki ya kuuliza kama shamba ni lake. Ninachokubaliana nao ni kwamba dodoso lisijibiwe tena na tena kwa kutumaini kwamba safari hii litatoa jibu tamu zaidi. Mapendeleo ya mtu mzima hayabadiliki haraka, na alama za mara ya pili kwa kawaida zitafanana na za kwanza.

Kwa hiyo pendekezo langu linategemea mtu anaumwa wapi. Anayehisi kwamba shughuli zenyewe za kila siku zinamchosha, hata siku ambazo kila mtu amemtendea vyema, ajibu toleo la vipengele 60, asome kurasa za kina za kazi chache, kisha awatafute watu wawili au watatu wanaozifanya na kuwauliza ni nani anayenufaika na kazi yao na walimwona lini kwa mara ya mwisho. Anayezipenda shughuli zake lakini haoni zinamfikia nani aanze na kadi 20 na zile tabia tano za kazi, kisha aombe kukutana na wanaopokea matunda ya kazi yake. Na yule anayeipenda kazi, anayewajua anaowahudumia, lakini anadhalilishwa kila siku na aliye juu yake, hana haja ya kulijibu dodoso hili kabisa. Kinachomfaa ni kutafuta nafasi ya kazi hiyohiyo chini ya uongozi mwingine.